Mmea usiogombania maji na watoto

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea hapa Nairobi mapema mwaka 2017, hakungoja siku ya tatu. Jembe alilishika mwenyewe jioni ya pili, na shamba la kwanza kulimwa nilikuwa mimi.

Huenda msomaji unakumbuka hali ilivyokuwa wakati huo. Mvua za vuli za mwaka 2016 zilikuwa haba, bwawa la Ndakaini likapungua, na kuanzia Januari 2017 wakazi wa jiji wakawa wanapata maji kwa zamu. Katika mtaa wetu wa upande wa Eastlands, mifereji ilitoa maji siku mbili kwa juma, tena usiku wa manane. Siku nyingine zote tulimtegemea kijana wa mkokoteni, ambaye alituuzia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30. Kuupandisha hadi ghorofa ya tatu ilikuwa shauri yako.

Nami wakati huo nilikuwa na maua. Roshani yangu ilikuwa na mawaridi mawili, begonia kadhaa na haidrenjia moja kubwa niliyoionea fahari. Haidrenjia, kwa asiyeijua, hunywa maji kama ngamia anayejiandaa kwa safari. Kila jioni niliyamwagia maua hayo nusu ya mtungi, yaani lita 10, na sikuona ubaya wowote.

Susu, kama watoto wanavyomwita nyanya yao kwa Kikamba, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa roshani akitazama. Huyu ni mama aliyelelewa Ukambani, mahali ambapo wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono ndipo wapate maji ya kujaza kibuyu. Jioni ya kwanza hakusema neno. Jioni ya pili aliniuliza kwa upole:

"Mwanangu, ua hili huzaa nini?"

"Halizai kitu, Mama. Ni la kupamba nyumba tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Leo asubuhi mtoto ameoga miguu peke yake kabla ya kwenda shule. Lakini hili naona linaoga mwili mzima."

Baba watoto alicheka. Alipoona mimi sicheki, naye akaacha. Usiku huo tulizozana kuhusu pesa za maji, nami nikasema maneno ambayo afadhali ningeyameza. Nilisema nyumba bila ua hata moja ni stoo ya kuwekea watu. Yeye akaniuliza kama nilitaka watoto waende shule wakinuka ili haidrenjia inukie. Tena haidrenjia yenyewe hainukii, akaongeza.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu najua si nyumba yangu tu. Zamu za maji hazijaisha katika mitaa mingi ya miji yetu, na familia nyingi zimekata tamaa ya kupanda chochote kwa kuona kwamba ni anasa. Wengine wameweka maua ya plastiki yanayokusanya vumbi. Leo nataka kukuonyesha kwamba kuna njia ya katikati. Ipo mimea inayopendeza mwaka mzima, inayodumu miaka na mikaka, na ambayo haigombanii maji na mtoto yeyote.

VIJITI VITATU MKOBANI

Siku chache baada ya ugomvi ule, mwenzangu kazini alinipa vijiti vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilivitia mkobani nikavisahau. Baada ya siku 12 nilikuwa nikitafuta kalamu, mkono ukagusa kile kifurushi. Nilitarajia kukuta uozo. Badala yake nilikuta majani manene ya kijani, yamesinyaa kidogo, na chini ya kila kijiti kulikuwa na mizizi myeupe mithili ya nyuzi. Bila udongo, bila jua, bila tone la maji.

Ilikuwa sedumu. Kiswahili hakina jina moja la mmea huu linalojulikana na watu wote, kwa hiyo hapa nitalitumia hilo hilo la kisayansi. Tena linakaribiana na neno letu "kudumu", na kweli mmea wenyewe hudumu. Waingereza wameupa jina lenye maana ya zao la mawe, kwa kuwa huota juu ya miamba na kuta ambako udongo ni ukufi tu.

Kuna aina mia kadhaa za sedumu duniani, na nyingi asili yake ni nchi za kaskazini na Meksiko. Hata hivyo usidhani ni mgeni kabisa kwetu. Milima yetu ya Afrika Mashariki ina sedumu zake. Mojawapo huota kwenye mawe na hata juu ya magogo ya miti ya msituni, na jina lake la kisayansi limetokana na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Ndugu zake wa karibu, akina kalankoe, wamejaa katika nchi yetu, na bila shaka umewahi kuwaona kando ya njia mashambani wakichanua maua mekundu au ya manjano.

AKIBA HAIOZI

Siri ya mimea hii ni akiba. Jani la sedumu ni ghala la maji. Ngozi yake ina utando wa nta unaozuia maji yasitoke, na ndani yake kuna chembechembe kubwa zilizojaa maji ya kutumiwa siku za ukame.

Lakini ujanja wake mkubwa hufanyika usiku. Wanafunzi wa biolojia wanajua kwamba majani huwa na vitundu vidogo vya kupumulia. Mimea mingi hufungua vitundu hivyo mchana ili kuvuta hewa ya kaboni ya kutengenezea chakula. Tatizo ni kwamba mchana kuna jua, na hewa inapoingia, maji hutoka. Sedumu na jamaa zake hufanya kinyume. Mchana hujifungia, na usiku kunapopoa ndipo hufungua vitundu, wakavuta hewa hiyo na kuihifadhi majanini kama asidi. Kukipambazuka hufunga milango, kisha huitumia akiba ile ya usiku kutengeneza chakula kwa nguvu za jua.

Jambo hili liliwashangaza wataalamu zamani. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, ambaye alionja majani ya kalankoe ya aina fulani. Asubuhi aliyakuta machachu sana kwa asidi, na kufikia adhuhuri ule ukali ulikuwa umekwisha. Asidi ya usiku ilikuwa imeshatumika. Tafadhali, wewe usiyaonje. Sababu nitaitaja baadaye.

Kwa sababu ya tabia hiyo, mmea huu umepewa kazi ambazo mimea mingine ingekufa nazo. Katika kiwanda cha malori cha Ford huko Dearborn, jimbo la Michigan nchini Marekani, paa lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 10 lilifunikwa kwa sedumu mwaka 2003. Udongo wake ni tabaka jembamba tu. Ikiwa sedumu inaweza kuishi juu ya paa la kiwanda, haitashindwa na roshani yako ya Pipeline au Kayole.

AINA ZA KUANZIA

Nitakutajia chache ambazo hupatikana kwa urahisi kwenye vitalu vya miche kando ya barabara zetu kuu. Kama hujui jina, mwonyeshe muuzaji umbo la jani.

Ya kwanza ni sedumu yenye majani kama punje za maharagwe. Ikiwa kivulini huwa ya kijani, na ikipata jua kali ncha za majani huwa nyekundu. Hii ndiyo iliyokuwa mkobani mwangu, na ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza.

Ya pili ni ile inayoning'inia kama mkia. Wameksiko, ambako ndiko asili yake, huiita mkia wa punda. Inafaa kutundikwa mahali pasipopitwa na watu, kwa sababu ukiigusa tu majani yanapukutika. Kila jani linaloanguka linaweza kuwa mmea mpya, kwa hiyo usilie.

Ya tatu ni zile sedumu fupi zinazotambaa. Kwa aliye na kiuga kidogo mbele ya nyumba, hizi hufunika udongo mahali penye mawe ambapo nyasi zimekataa. Ukizipanda umbali wa shubiri moja moja, baada ya muda hukutana na kuwa zulia.

Ya nne si sedumu hasa bali ni jamaa yake, krasula kutoka Afrika Kusini, yenye shina nene kama mti mdogo na majani ya mviringo yanayong'aa. Krasula huweza kuishi miongo mingi. Mtoto anayeipanda leo anaweza kuwaonyesha wanawe.

Zile sedumu ndefu zenye vichwa vya maua ya waridi ambazo utaziona katika vitabu vya bustani vya ng'ambo, usizihangaikie. Hizo zimezoea majira ya baridi kali. Hufa juu, zikachipuka tena kutoka mizizini baridi ikiisha. Hapa kwetu baridi ya namna hiyo haipo, nazo hukosa raha.

NAMNA YA KUPANDA

Huhitaji chungu cha bei. Mikebe ya mafuta ya kupikia, ndoo iliyovunjika mpini, karai kuukuu na sufuria iliyotoboka vyote vinafaa. Sharti ni moja: chini kuwe na matundu. Chukua msumari na nyundo, toboa matundu matano au sita. Mkebe usio na tundu ni kaburi la sedumu.

Udongo uwe mwepesi. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo mwekundu wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na sehemu moja ya kokoto ndogo ndogo, zile fundi anazobakisha mahali pa ujenzi. Omba kabla ya kuchukua. Wenzangu wa Embakasi na Athi River wenye ule udongo mweusi unaonata, tafadhali msiutumie peke yake, kwa kuwa hushika maji kama sifongo. Nanyi wa Pwani msichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi. Mbolea ya samadi si lazima. Ukitia, iwe kiganja kimoja kwa mkebe, tena iliyooza vizuri.

Kata kijiti cha urefu wa kidole. Sasa hapa ndipo wengi hukosea: usikipande siku hiyo. Kiweke kivulini siku tatu hadi tano mpaka kidonda kikauke na kuwa na gamba. Kijiti kibichi kikitiwa kwenye udongo wenye unyevu huoza. Kikishakauka, kichomeke kiasi cha urefu wa pingili moja ya kidole, ukiache bila maji kwa juma zima, kisha ndipo ukinyweshe mara ya kwanza.

Kama una jani tu, lilaze juu ya udongo. Usilifukie. Baada ya majuma mawili hadi manne utaona nyuzi za mizizi na kichipukizi kidogo mwishoni mwa jani. Mwanafunzi anayeishi kwenye chumba cha kupanga anaweza kuanza na jani moja alilookota, kifuniko cha mkebe na udongo kidogo, bila kutumia senti. Weka jani jingine kwenye meza bila udongo wowote, uandike kila siku unachokiona. Utajifunza mengi kuliko kwa kukariri.

Kisha tafuta jua. Sedumu inapenda jua la saa nne hadi sita kwa siku, na lile la asubuhi ndilo zuri zaidi. Ukiiweka sebuleni kwenye giza, hurefuka na kukonda kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani, na rangi yake hupotea. Ukiihamisha kutoka kivulini, izoeshe jua kidogo kidogo kwa juma moja, la sivyo majani huungua.

MAPENZI YANAYOUA

Nilipopanda vile vijiti vitatu, niliona aibu kuviacha na kiu. Baada ya yale maneno ya Susu sikuthubutu kutumia nusu mtungi, lakini kila jioni nilivipitishia bilauri ya maji kwa siri. Baada ya majuma matatu viwili vilikuwa vimeoza. Majani yaligeuka manjano, yakawa laini na kupenyeza mwanga kama ganda la zabibu, na shina likawa jeusi chini.

Susu ndiye aliyegundua. Alikishika kilichobaki akaniambia: "Mwanangu, mbuzi aliyeshiba humnyweshi kwa nguvu. Mwache aje mwenyewe kwenye maji."

Tangu siku hiyo nimefuata kanuni yake. Jani lenyewe litakuambia. Likiwa limejaa na gumu, limeshiba. Likianza kukunjamana kidogo, lina kiu. Likiwa la manjano na laini, umelizidishia. Kama bado una shaka, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kukiwa na unyevu hata kidogo, ondoka.

Kwa hali ya Nairobi, mimi hunywesha hivi. Januari na Februari, jua linapowaka, mara moja kila majuma mawili. Mvua za masika zikianza Machi hadi Mei, simwagi kitu, na ile mikebe inayonyeshewa sana naivuta ndani ya roshani. Julai kunapokuwa na baridi na mawingu, mara moja kwa mwezi yatosha. Nikinywesha, nanywesha mpaka maji yatokee chini ya mkebe, kisha basi. Visahani vya kukinga maji niliviondoa kabisa. Huozesha mizizi, tena huzaa mbu.

Maji yenyewe yanaweza kuwa yale uliyooshea mchele au mboga. Usitumie ya sabuni ya kufulia.

Sasa tupige hesabu ambayo baba watoto aliipenda kuliko maua yenyewe. Zamani nilitumia lita 10 kila siku, yaani lita 140 kwa majuma mawili. Hiyo ni mitungi saba, na kwa bei ya wakati ule ni shilingi 210. Leo nina mikebe 12. Kila mmoja hupata bilauri moja ya robo lita kwa majuma mawili. Jumla ni lita 3, nayo ni maji ya mchele ambayo yangemwagwa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Maradhi si mengi. Ukiona vidudu vyeupe vilivyovaa kama pamba kwenye maungio ya majani, vipanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya hospitali, na utenge mkebe huo mbali na mingine kwa majuma kadhaa. Ukiona sisimizi wengi wanapanda na kushuka, chunguza, kwa maana aghalabu huwafuata vidudu hao kwa ajili ya utamu wao.

Wakazi wa ghorofani, msiweke mkebe juu ya ukingo wa roshani bila kuufunga. Funga kwa waya imara. Mkebe uliojaa kokoto ukianguka kutoka ghorofa ya tatu hauchagui kichwa.

Jambo lililo kubwa kuliko yote linahusu wale jamaa wa sedumu niliowataja, akina kalankoe. Ni wazuri, wana maua ya kupendeza, nao huuzwa pamoja na sedumu. Lakini kalankoe nyingi zina sumu inayodhuru moyo, na maua yake ndiyo hatari zaidi. Huko Afrika Kusini na Australia mimea ya jamii hii imeua mifugo. Sedumu nyingi hazina madhara makubwa, ingawa baadhi huwasha mdomo. Kwa hiyo wafundishe watoto wasitafune jani lolote la mapambo, na kalankoe iwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Sheria hii nilikaribia kuivunja mwenyewe. Aprili ilipofika na mvua ikawa imenyesha kwao, Susu alifunga mizigo arudi nyumbani. Kumbe wakati wote huo alikuwa ameanza kuupenda mmea usiooga mwili mzima. Aliomba vijiti. Nami kwa furaha ya kupatana nikamfungia sedumu, nikaongeza krasula, kisha nikaongeza na kalankoe tatu nzuri zenye maua mekundu nilizokuwa nimenunua juma lile. Hapo nilikuwa sijajua habari ya sumu. Usiku kabla ya safari nilikuwa nikisoma kitabu cha mimea ili nimwandikie maelezo, nikaifikia sentensi inayohusu mifugo. Nikamkumbuka mbuzi wake wa maziwa ambaye hufungwa kamba pale pale uani, karibu na mahali alipokuwa amesema atapanda.

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta tayari amevaa leso, akingoja gari. Nilimweleza huku nikifungua mzigo. Hakunikemea. Alizitoa kalankoe zote tatu akazirudisha mezani, akasema: "Ulichelewa kusoma, lakini hukuchelewa kusema." Mbuzi yule alizaa pacha mwaka huo, na watoto wangu walikunywa maziwa yake Desemba. Kila nikiwaza jambo hilo mwili hunisisimka.

Na onyo la mwisho: vipande unavyopogoa usivitupe porini wala mtoni. Iko kalankoe kutoka Madagaska ambayo huzaa vitoto vingi pembezoni mwa majani, na kila kitoto kikianguka huota. Watu wa Laikipia wanajua gharama ya mmea wa bustani unaotoroka. Mpungate ulioletwa kutoka Amerika umeenea katika malisho yao, na miiba yake huumiza mifugo. Kausha vipande kabisa juani kabla ya kuvitupa kwenye taka, au mpe jirani aliye na mkebe mtupu.

ILIPO HAIDRENJIA

Huenda unauliza ile haidrenjia yangu iliishia wapi. Niliipeleka kwa dada yangu anayeishi Limuru, ambako ukungu na manyunyu hushinda kutwa. Huko imekuwa kichaka kikubwa na hakuna anayeinunulia maji. Nilitambua kwamba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kuitaka iishi kwenye zege la Eastlands wakati wa ukame, tena kwa maji ya wengine.

Sedumu ilinifundisha kwamba anayepanda ua mjini si lazima awe na uwanja wala mfereji usiokauka. Anahitaji kuchagua mmea unaolingana na mahali alipo na mfuko alionao, kisha autazame bila kuusumbua. Kile kijiti kimoja kilichoponea mkononi mwangu mwaka 2017 ndicho mzazi wa mikebe tisa kati ya 12 niliyo nayo. Mingine mingi nimeigawa katika jengo letu, na sasa ukisimama chini ukatazama juu utaona roshani tano zenye kijani.

Naye Susu huniuliza kwa simu kila kiangazi kikianza: "Mtoto ameoga?" Namjibu ameoga mwili mzima. Kisha ndipo huuliza hali ya maua.

Jumapili ijayo tutaingia jikoni na kuangalia namna ya kuotesha dhania, sukuma wiki na vitunguu vya majani kwenye magunia. Hadi wakati huo, tafuta mkebe, utoboe matundu, na umwombe jirani jani moja.